Waliotukataza Kumlilia Bosibori

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko siku niliyopewa shahada yangu. Nilifika shuleni kwetu mvua ikinyesha, nikakuta mlango wa darasa la saba umefungwa kwa nje kwa komeo. Ndani mtoto alikuwa akiupiga mlango kwa viganja na kupiga kelele zisizo na maneno. Mtoto huyo alikuwa mdogo wangu, Nyaboke. Aliyeweka komeo ni mwalimu mkuu mwenyewe, naye alikuwa amesimama barazani, mikono nyuma, akingoja mtoto azoee.

Azoee radi.

Keti nikueleze. Wazee wengi watakupa maneno ili utulie. Mimi nakupa haya ili usitulie. Nilikuwa msichana wa maswali mengi, na ingawa magoti yangu siku hizi yananiuma nikipanda kilima, maswali hayajapungua hata moja.

Tuliishi kwenye kilima juu ya Nyamira, katikati ya mashamba ya chai na pareto. Huko kwetu asubuhi ni jua, lakini mchana ukifika mawingu hupanda kutoka upande wa ziwa na mbingu hupasuka. Radi ya milima ya Kisii si hadithi ya kutishia watoto. Inaua ng'ombe, inapasua miti, inaua watu. Nyumba yoyote uliyoingia wakati wa ngurumo ungekuta kioo kimefunikwa kitambaa, redio imezimwa, sufuria zimeingizwa ndani, na wanaume wazima wamenyamaza. Kila mtu alikuwa na woga wake na kila mtu aliuheshimu woga wa mwenzake, isipokuwa woga wa mtoto.

Nyaboke alipokuwa darasa la pili, mwishoni mwa miaka ya sitini, radi ilipiga darasa lao. Shule ilikuwa imeezekwa mabati muda mfupi kabla, kwa harambee, na kijiji kizima kilikuwa kikijivunia paa lile. Watoto kadhaa walikufa papo hapo. Mmoja wao aliitwa Bosibori, aliyekaa dawati moja na Nyaboke. Hao wawili walikuwa hawaachani. Ukimwona mmoja njiani ulijua mwingine yuko nyuma anafunga kiatu au anachuma mapera ya watu. Nyaboke alitolewa amezimia, mkono umeungua, akazinduka siku ile ile. Watu walikuja kumtazama wakasema ana bahati. Walisema hivyo mbele yake, tena na tena, na yeye alikuwa akiwatazama bila kujibu.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapo ndipo ubaya wenyewe ulipoanzia. Kwetu mtu akifa watu hulia hadi kilima cha pili kisikie. Tunamwita marehemu kwa jina. Tunamsimulia, tunamlaumu kwa kutuacha, tunamuuliza nani sasa atatufanyia hiki na kile. Lakini wazee wa kijiji chetu, baba yangu mkubwa akiwa mmoja wao, waliagiza kwamba watoto wale wasililiwe, kwa kuwa kilio kingeiita radi irudi. Walizikwa haraka, kimya kimya. Nilimwona mama yake Bosibori ameshikwa mikono na wanawake wawili, na wa tatu amemziba mdomo kwa leso. Tukaambiwa jambo lenyewe lisitajwe tena. Siku ya Sabato mhubiri naye akasema tusimuulize Mungu. Watu wa mila na watu wa Biblia, ambao hawakuwa wamewahi kukubaliana hata juu ya pombe, wakakubaliana juu ya hilo: tunyamaze.

Mimi nilikuwa sekondari. Nilimuuliza baba ni nani aliyewahi kuiona radi ikirudi kwa sababu ya kilio. Akaniambia nikachote maji.

Tukanyamaza. Na Nyaboke akageuka mtoto mwingine mikononi mwetu. Alianza kukojoa kitandani, akachapwa. Akawa hataki kukaa na mtoto yeyote dawati moja, akaitwa mwenye maringo. Nywele zikiungua kidogo jikoni, au kuku akibabuliwa manyoya, alitapika. Na mawingu yakitanda alitoka darasani mbio, akaenda kujikunja kwenye banda la kuni nyuma ya nyumba za walimu, masikio ameziba. Alichapwa kwa hilo kila mwaka, na kila mwalimu mpya alikuja na fimbo yake akidhani ndiye wa kwanza kufikiria dawa hiyo. Asubuhi alikuwa akiwashinda wenzake wote kwa hesabu. Mchana alikuwa hayupo. Alifika darasa la saba hivyo hivyo, nusu siku ndani na nusu siku kwenye kuni, na mwisho wa mwaka ulikuwa na mtihani ule wa kuamua nani aendelee na nani abaki shambani. Karatasi moja ilikuwa ya mchana, na mtihani ulifanywa msimu wa mvua.

Mwaka huo nilikuwa nyumbani. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa baada ya sisi wanafunzi kugoma, tukaambiwa kila mtu arudi kwao akatubu. Nilishuka Nyamira na sanduku langu, na kila niliyekutana naye njiani alikuwa na la kusema. "Kerubo, mmemaliza vitabu vyote?" "Kerubo, ndiyo shahada hiyo kwenye sanduku, au ni mawe?" Niliwajibu kila mmoja, kwa sababu nilikuwa siwezi kuacha swali lipite. Mama alinipokea kwa kikapu cha kuchumia pareto, na hakuuliza kitu.

Ndipo siku ile nikaenda shuleni kumpelekea Nyaboke koti, nikakuta komeo.

Nililivuta. Nyaboke alinipita kama sipo, akaenda kwenye kuni zake. Mwalimu mkuu akanigeukia.

"Nani huyu anafungua mlango wangu?"

"Ni Kerubo, mwalimu. Ulinifundisha hesabu."

"Aa, Kerubo wa chuo kikuu! Mmemaliza kurusha mawe Nairobi, sasa mmekuja kurusha huku?"

Watoto waliokuwa madirishani wakacheka.

"Kwa nini umemfungia, mwalimu?"

"Namtoa woga. Ndama akikataa daraja unamvuta kwa kamba. Mara moja, mara mbili, anazoea."

"Na wewe umezoea?"

"Nini?"

"Radi."

Kana kwamba imeitwa, ikapiga upande wa kilima cha Manga, na mwalimu mkuu akainama, mabega yakapanda hadi masikioni. Nikamwambia, "Saa yako iko wapi, mwalimu?" Maana kila mtu pale alijua kwamba mawingu yakikusanyika aliivua saa yake ya chuma akaifungia kwenye droo. "Na kioo cha ofisini, nani amekifunika?"

Safari hii watoto walicheka zaidi, na hicho kicheko ndicho kilichoniponza. Mwalimu mkuu alijinyoosha. Alisema kwa sauti ya chini ambayo nilikuwa naiogopa nikiwa mdogo, "Mpeleke nyumbani. Na umwambie baba yako hivi: atakayetoka chumba cha mtihani mchana ule, karatasi yake imekwisha. Asipoteze muda na huyu."

Jioni ile ile baba aliniita. Baba mkubwa alikuwa ameketi naye, fimbo katikati ya magoti. Mama alikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Umemvua mwalimu nguo mbele ya watoto," baba alisema. Alikuwa akiutazama ukuta. Kwetu baba na binti aliyekua hawaangaliani hovyo. Ni adabu, na adabu hiyo sikuivunja.

"Nilimuuliza saa tu, baba."

Baba mkubwa akacheka kwa pua. "Mtoto huyu alikuwa mwema mpaka alipopelekwa kusoma."

"Nyaboke ataenda Kenyenya kwa shangazi yenu," baba akasema. "Kuna mtoto mchanga wa kulea. Ataondoka baada ya Sabato. Shule si ya kila mtu."

"Baba, asubuhi hakuna anayempita darasani. Ni mchana tu."

"Dunia ina mchana," akasema baba mkubwa.

"Basi tumuulize. Tumuulize anaona nini radi ikipiga."

Baba mkubwa akasema polepole, "Jambo hilo halitajwi."

"Nani alisema?"

"Sisi."

"Na nyinyi mliambiwa na nani?"

"Waliotutangulia."

"Wao waliona nini?"

"Kerubo." Baba alikuwa amesimama. "Inatosha."

Mwanangu, nilimpenda baba yangu na nilimheshimu hadi tukamzika. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyeogopa, na alidhani akimpeleka mtoto mbali na mawingu ya mchana amemwokoa, kana kwamba Kenyenya hakunyeshi. Lakini siku ile nilijifunza kitu ambacho chuo kizima hakikunifundisha: unaweza kumheshimu mtu na bado ukakataa anachokuambia. Nililala nimekataa. Niliamka nimekataa.

Asubuhi nilimchukua Nyaboke tukachume pareto, sisi wawili tu. Nilianza kwa ujinga wangu wa kisomi. Nilimweleza umeme ni nini, kwa nini unapenda vitu virefu, kwa nini sauti huchelewa kufika. Alinisikiliza vizuri, mikono yake ikienda kwenye maua bila kusimama.

"Nimeelewa, dada," akasema. "Yote. Ila ikinguruma sikumbuki kama niliwahi kuelewa."

Nikauliza swali ambalo hakuna mtu aliyemuuliza tangu ana miaka minane. "Siku ile, wewe ulikuwa wapi?"

Alisimamisha mikono. Alitazama huku na huku kama mtu anayetaka kuiba.

"Paa lilikuwa linavuja upande wangu," akasema. "Maji yalikuwa yananidondokea shingoni. Nikamwambia Bosibori tubadilishane. Akahamia kwangu, mimi nikahamia kwake." Alivuta pumzi. "Nilimweka pale mimi, dada. Pale palikuwa pangu."

Miaka yote ile! Wakati sisi tunamchapa kwa kukimbia, wakati watu wanamwambia ana bahati, mtoto alikuwa amekaa na hukumu yake peke yake, na sisi tulikuwa tumeufunga mlango wa kuitolea. Sikumwambia "si kosa lako." Angeona ni maneno ya dada. Nilimuuliza kitu kingine.

"Mama yake anajua?"

"Hakuna anayejua."

"Unataka ajue?"

Alichuma maua mengi kabla ya kujibu. "Atanichukia."

"Labda. Lakini saa hii unamhukumia wewe. Hujampa nafasi aseme mwenyewe."

Sabato iliyofuata baba alikuwa amekwenda Nyanchwa kwenye mkutano wa kanisa. Ibada ya mchana ilipokaribia kuanza, tulijifunga leso zetu tukashuka upande wa kijito. Mama alitukuta uani. Alitutazama, akatazama njia, akasema tu, "Msipite mbele ya kanisa." Hapo nilijua kwamba kumbe tulikuwa watatu.

Mama yake Bosibori aliishi ng'ambo ya kijito. Tangu msiba, watu walikuwa wameacha kumwita Mama Bosibori. Walimwita Mama Onchiri, kwa jina la mtoto wake mdogo, na walijiona wamemfanyia wema. Tulimkuta ameketi kwenye ngazi ya nyumba, ungo mapajani, akichambua maharagwe. Alituona tukija akatabasamu kidogo, kama mtu anavyotabasamu kwa wageni ambao hawawezi kumletea habari yoyote.

Nyaboke alisimama mbele yake. Alikuwa amefunzwa salamu na alizifahamu, lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Mama Bosibori," akasema.

Mikono ikasimama juu ya ungo.

"Umeniitaje?"

Nilimwona mdogo wangu akitaka kukimbia. Hakukimbia. "Mama Bosibori."

"Sema tena."

Akasema tena. Kisha akayamwaga yote, bila kupumzika: paa, maji, shingo, tubadilishane. Alisema yeye ndiye aliyeomba. Alisema Bosibori hakukataa, bali alimjibu kwamba hana neno na maji. Alipomaliza alifumba macho, na nilielewa kuwa alikuwa anangoja kupigwa.

Yule mama aliweka ungo chini. "Alikuwa anafanya nini?" akauliza.

"Lini?"

"Kabla. Pale pale kabla. Mwanangu alikuwa anafanya nini?"

Nyaboke akafumbua macho. "Alikuwa anacheka. Alikuwa na kipande cha muwa chini ya dawati. Mwalimu akigeukia ubao, anang'ata. Alinipa nimalizie."

"Muwa?"

"Ndiyo."

Kilichotoka kwanza kilikuwa kicheko. Nakuapia, yule mama alicheka. Halafu kicheko kikapasuka katikati, na sauti iliyokuwa imezibwa kwa leso miaka yote ile ikatoka.

"Bosibori! Nilikuuliza nani anakata muwa wangu, ukaniambia ni panya! Bosibori, panya gani anakwenda shule? Nani atanidanganya sasa, Bosibori?"

Alilia kwa namna yetu, kwa kuita na kulaumu, na Nyaboke akaanguka mapajani pake akalia naye. Majirani wakatoka majumbani. Wengine walisimama mbali, wakitazama juu. Nakubali, na mimi nilitazama juu, mimi niliyetoka kueleza habari za umeme shambani. Mbingu zilikuwa nyeupe, bila wingu la maana. Mwanamke mmoja akafunga leso kiunoni, akaja akajiunga, kwa kuwa naye alikuwa na mtoto wake katika wale waliokufa. Akaja na mwingine. Baba mkubwa alisikia kilio kile akiwa kwake juu ya kilima, na hakushuka.

Radi haikurudi siku ile. Ilirudi siku nyingine, kama kawaida yake, bila kuuliza nani amelia na nani hajalia.

Walipochoka, yule mama alimwinua Nyaboke uso. "Alikupisha kwa sababu alikuwa mtu wa kupisha," akasema. "Na mimi ndiye niliyemfundisha. Kwa hiyo nihukumiwe mimi? Mjinga wewe. Ungekuja kuniambia zamani. Nimekaa miaka hii yote nikidhani mtoto wangu alikufa analia."

Usidhani Nyaboke alipona hapo. Hadithi za kupona mara moja zinaleta madhara, kwa sababu mtoto akiogopa tena kesho watu humwambia, "Lakini si ulishapona?" Siku ya pili ilinguruma akakimbia kama zamani. Tofauti ni kwamba nilimfuata kwenye kuni, nikaketi naye, na safari hii alizungumza. Siku za baadaye tulijaribu mambo. Aligundua kwamba akikanyaga ardhi kwa nguvu kwa nyayo zote mbili na kutaja anachokiona mbele yake, kuni, panga, kuku mwekundu, akili humrudia upesi. Aligundua pia kwamba hawezi kabisa kukaa mbali na njia ya kutokea. Nilikwenda kwa mwalimu wa darasa, kijana mpole ambaye alikuwa akimwogopa mwalimu mkuu kuliko sisi sote, nikamwomba dawati la Nyaboke liwe karibu na mlango na mlango usifungwe. Alikubali kwa kunong'ona. Siku nyingine mtoto alitoka, siku nyingine alibaki. Alipotoka alirudi, na hilo halikuwa limewahi kutokea.

Na unajua mwalimu huyo aliniambia nini? Kwamba mvulana mmoja aliyekuwa akipigana kila mchana alikuwa katika darasa lile la radi. Na msichana mmoja aliyekuwa akilala fofofo mvua ikianza, ambaye walimwita mvivu, naye alikuwemo. Tulikuwa na watoto walioumia, tukawapa majina: mwoga, mkorofi, mvivu.

Baba aliporudi kutoka Nyanchwa baada ya Sabato ile, habari za kilio zilikuwa zimemtangulia. Hakusema kitu. Safari ya Kenyenya hakuitaja, na mama hakumfungia Nyaboke mzigo. Hakuna siku ambayo baba alisema ndiyo. Alinyamaza tu, na kwa mara ya kwanza kimya cha nyumba yetu kikatufaa.

Siku ya karatasi ya mchana ilifika. Mawingu yalianza kupanda kabla watoto hawajaingia. Mwalimu mkuu alitangaza mbele ya wote: atakayetoka asirudi. Msimamizi wa mtihani, mgeni aliyetumwa kutoka kwingine, alisema ndiyo kanuni. Mlango wa darasa uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Mama na mimi tulikuwa kwenye ua wa shule, tumeambiwa tusisogee.

Matone ya kwanza yalipoanguka, nilimwona Mama Bosibori akija. Alikuwa amejitanda gunia la pareto kichwani. Hakuwa amekanyaga shule ile tangu alipomchukua mtoto wake pale. Alipita getini, akakata uwanja, akapanda baraza, akaketi sakafuni, mbele ya mlango ule, mahali ambapo aliyekaa dawati la karibu na mlango angemwona.

Mwalimu mkuu alimwendea. "Mama Onchiri, wazazi hawaruhusiwi hapa. Ni mtihani wa serikali."

"Mimi ni Mama Bosibori," akasema. "Hapa nilileta mtoto nikarudishiwa maiti. Mkaniambia nisilie, sikulia. Leo nimeketi. Niondoe."

Mwalimu mkuu hakumgusa. Msimamizi alitoka, akauliza kwa Kiswahili kuna nini, na mwalimu wa darasa, yule mpole, akamweleza yote kwa sauti ambayo hata sisi uani tuliisikia. Msimamizi akamgeukia mwalimu. "Anaongea?" akauliza. "Anaonyesha majibu?"

"Hajui kusoma," akasema mwalimu.

"Basi akae."

Mama yangu akanishika mkono, tukavuka uwanja katika mvua, tukaenda kuketi kando yake. Hakuna aliyetukataza tena.

Radi ya kwanza ilipiga karibu. Nilimwona Nyaboke akitupa kalamu, mikono ikaenda masikioni, akasimama nusu. Alitazama mlangoni. Mama Bosibori hakumpungia mkono wala kumtabasamia. Alikuwa anatetemeka mwenyewe, meno yanagongana, machozi yanamtiririka, na hakuondoka. Nyaboke aliona hayo yote. Aliona kwamba mtu mzima anaogopa vile vile, na amebaki. Alikanyaga sakafu. Midomo yake ikaanza kutaja vitu. Aliketi. Ilipiga tena, akaziba masikio tena, akangoja, akachukua kalamu.

Hakumaliza karatasi ile. Aliyoyaandika yalitosha kumpatia nafasi sekondari, si shule kubwa, lakini shule. Leo ana wajukuu. Kukinguruma bado hufunga mazungumzo katikati ya neno, na wajukuu wake wanajua: wanakuja kuketi naye, wanaendelea na michezo yao miguuni pake, hawamwambii aache.

Sasa nasaha zenyewe, mwanangu. Ukimwona mtoto anakimbia, anapigana, analala ovyo, anakojoa kitandani akiwa mkubwa, usianze na fimbo. Muulize alikuwa wapi, na ukimuuliza uwe na nafasi ya kusikia jibu baya. Usimwambie ana bahati. Usimharakishe, na usimwambie kitu hakikutokea au kilishapita. Katika mwili wake hakijapita. Mpe mahali pa kutokea na mtu wa kubaki. Akitaka kumlilia mtu aliyekatazwa kumlilia, nenda naye akamlilie. Siku hizi wako watu waliosomea kazi hii hospitalini. Mpeleke kwao bila haya, kama ungempeleka amevunjika mguu. Na ukikutana na mzee anayekuambia jambo la kumuumiza mtoto halitajwi, msalimie kwa adabu zote, mletee kiti, halafu ulitaje. Hata mzee huyo akiwa mimi.

Mungu akupe masikio yasiyochoka na shingo isiyoinamishwa ovyo. Akupe watoto wenye midomo mikubwa, na wajukuu watakaokubishia mpaka usahau ulikuwa unasema nini. Uzeeke vizuri, mwanangu, na usizeeke kimya.